Kufuli Mlangoni: Nani Anaweza Kukataa Kazi ya Hatari?

Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Chini palikuwa na maduka na tawi la benki. Ghorofa za juu zilijaa viwanda vitano vya nguo. Mhandisi aliyeitwa kulitazama jengo alisema watu watoke, nao wakatoka. Asubuhi iliyofuata watumishi wa benki walibaki nyumbani na maduka hayakufunguliwa. Washonaji wakaitwa kazini. Wengi walisimama nje wakisitasita, macho juu ukutani. Wasimamizi wakawaambia kwamba asiyepanda ajihesabu hana mshahara wa mwezi ule. Wakapanda. Umeme ulipokatika, majenereta ya juu yakawashwa, jengo likatikisika, na saa tatu kasoro asubuhi likaporomoka lote. Waliokufa walikuwa angalau 1,134, na majeruhi wapatao 2,500.

Kila ninapoisoma habari hii, mawazo yangu hukwama kwenye zile ngazi. Ufa uliwahusu wote, karani wa benki na mshonaji wa mashati. Hofu ilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni kwamba karani alikuwa na mwajiri aliyemwambia asije, na mshonaji alikuwa na mwajiri aliyemwambia apande au akose ujira wa siku thelathini, huku kodi ya chumba ikimsubiri na mwezi uko ukingoni. Mtu mmoja mmoja, kila mmoja na madeni yake, hawezi kushinda hesabu ya namna hiyo.

Tunapojadili viwango vya kazi vya kimataifa katika nchi zinazoendelea, tunauliza sana kama viwango hivyo vipo, kama vimeridhiwa, kama vimetafsiriwa na kubandikwa ukutani. Ni mara chache tunauliza ni nani, akiwa amesimama mbele ya mlango saa mbili asubuhi, anaweza kusema "siingii" na kesho yake bado akawa na kazi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Mengine yote, kuanzia saa za kazi na mshahara hadi vumbi na moto, yananing'inia hapo.

Kwa upande wa maandishi, dunia haina upungufu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilizaliwa mwaka 1919 ndani ya Mkataba wa Versailles, vita kuu vikiwa vimetoka kumalizika na viwanda vya Ulaya vikitokota kwa migomo. Katiba yake ilisema jambo ambalo mpaka leo halijapitwa na wakati: nchi moja ikikataa kuweka hali za kibinadamu kazini, inazikwamisha nchi nyingine zinazotaka kuboresha hali za watu wao. Mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani, 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Muundo wake nao ni wa pekee. Katika mkutano wake mkuu kila nchi inapeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, na kila mmoja ana kura yake. Mwaka 1944, mjini Philadelphia, wanachama walitamka kwamba kazi si bidhaa. Tangu kuanzishwa kwake, ILO imepitisha mikataba zaidi ya 190.

Mwaka 1998 shirika liliteua mambo manne na kuyaita haki za msingi kazini: uhuru wa kuunda vyama na kufanya majadiliano ya pamoja, kukomesha kazi za kulazimishwa, kukomesha utumikishwaji wa watoto, na kuondoa ubaguzi katika ajira. Haki hizi zinaifunga kila nchi mwanachama kwa sababu tu ni mwanachama, hata kama haijaridhia mikataba inayohusika. La tano, mazingira salama na yenye afya kazini, halikuongezwa hadi Juni 2022, miaka 103 baada ya shirika kuanzishwa. Wakati huohuo, kwa makadirio ya ILO yenyewe, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na maradhi yatokanayo na kazi.

Turudi Savar. Bangladesh iliridhia Mkataba Namba 87 kuhusu uhuru wa kuunda vyama na Namba 98 kuhusu majadiliano ya pamoja mwaka 1972, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru wake. Mwaka huohuo iliridhia pia Namba 81, unaoitaka serikali iwe na wakaguzi wa kazi wa kutosha wenye haki ya kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa. Miaka 41 baadaye, katika vile viwanda vitano, hakikuwapo hata kimoja chenye chama cha wafanyakazi. Saini ilikuwapo Geneva, makao makuu ya ILO. Kwenye ngazi hapakuwa na mwakilishi wa kusimama mbele ya wenzake na kumwambia msimamizi kwamba hapandi mtu hapa mpaka mhandisi arudi.

Watetezi wa ILO watanikumbusha kwamba shirika hili halina polisi, na wana haki ya kunikumbusha. Lina Kamati ya Wataalamu, iliyoundwa mwaka 1926, inayosoma ripoti za nchi na kuandika maoni kwa lugha ya kistaarabu. Lina utaratibu wa malalamiko na tume za uchunguzi. Kifungu cha 33 cha katiba yake, kinachoruhusu hatua kali dhidi ya nchi iliyokaidi mapendekezo ya tume, hakikutumika hadi mwaka 2000, dhidi ya Myanmar, kwa sababu ya kazi za kulazimishwa. Miongo minane ya kuvumilia! Siyasemi haya kulidharau shirika. Shinikizo la polepole huzaa matunda pale linapoungana na nguvu nyingine. Huko Uzbekistan, ambako kwa miaka mingi walimu, madaktari na wanafunzi walipelekwa mashambani kuchuma pamba kwa amri ya serikali, mfumo ule ulivunjwa baada ya wanaharakati wa ndani, mgomo wa wanunuzi wa kimataifa na ufuatiliaji wa ILO kubana kwa pamoja. Mgomo wenyewe uliondolewa Machi 2022. Ripoti peke yake isingeufikisha mwisho huo.

Pengo lililoachwa na serikali, makampuni makubwa yalijaribu kulijaza kwa njia yao. Kuanzia miaka ya 1990, baada ya aibu za viatu na mipira kushonwa na watoto, kila kampuni yenye jina ilitoa kanuni zake za maadili na kuajiri wakaguzi binafsi wa kuwatembelea wauzaji wake. Imekuwa biashara kubwa duniani. Mimi naiona kuwa mojawapo ya njia zilizopotezea wafanyakazi muda mrefu zaidi.

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha namna hii anaijua siku ya ukaguzi kabla haijafika. Marobota yaliyoziba ngazi ya dharura yanahamishwa. Sanduku la huduma ya kwanza, lililokuwa na mkasi na bendeji moja iliyokauka, linajazwa. Barakoa zinagawiwa asubuhi na kukusanywa jioni. Kuna daftari mbili za mahudhurio: moja ya mgeni, yenye saa nadhifu na ovataimu ya kiasi, na nyingine ya kulipia, ambayo haitoki kabatini. Wafanyakazi wachache wanaitwa kuhojiwa ndani ya ofisi za kiwanda hichohicho, msimamizi akipitapita koridoni. Unatendewa vizuri? Ndiyo. Unalazimishwa ovataimu? Hapana. Mwenye akili timamu atajibu hivyo, kwa sababu mkaguzi atapanda gari aondoke na yeye atabaki. Ripoti inaandikwa na alama zinatolewa. Aliyeagiza ukaguzi ni mnunuzi. Mara nyingi anayelipia ni kiwanda chenyewe.

Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kilipata cheti cha SA8000, kinachoheshimika sana katika masuala ya kijamii, wiki chache tu kabla ya moto wa tarehe 11 Septemba 2012 ulioua watu zaidi ya 250. Mahakama baadaye ilitamka kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi na watu waliotaka kumkamua mwenye kiwanda fedha. Hata hivyo madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa, na hayo yalikuwapo kabla ya mtu yeyote kuwasha kiberiti. Mkaguzi alipita hapohapo.

Ukizisoma habari hizi kwa mfululizo, kuna kitu kimoja kinarudi mpaka kinatia kichefuchefu: kufuli. Tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa. Tarehe 10 Mei 1993, kiwanda cha wanasesere cha Kader nchini Thailand kiliungua, wakafa 188, na huko nako milango ilifungwa. Karachi 2012. Julai 2021, kiwanda cha juisi huko Rupganj, Bangladesh, zaidi ya watu 50, watoto miongoni mwao, na manusura walieleza habari za mlango wa ngazi uliofungwa. Sababu inayotolewa haijabadilika kwa zaidi ya miaka mia moja: wafanyakazi wasiibe, wasitoke kabla ya saa.

Naomba msomaji aiangalie kufuli hiyo kwa makini, maana inajibu hoja inayotolewa na watu wenye elimu na nia njema. Wanasema kwamba nchi maskini haiwezi kumudu viwango vya matajiri. Kwamba Ulaya na Marekani zenyewe zilipita katika hatua ya viwanda vya jasho, na hatua hiyo hairukwi. Kwamba bila ujira mdogo hakutakuwa na kiwanda kabisa. Sasa, kuacha mlango bila kufuli kunagharimu kiasi gani? Kumwacha mtu ajiunge na chama chake kunagharimu nini? Kutomfukuza mjamzito, kutomlazimisha mwanamke kulala na msimamizi ili kandarasi yake iendelee, kutomnyang'anya mhamiaji pasipoti yake? Haki za msingi za ILO hazidai mshahara wa Zurich ulipwe Dhaka. Hata Mkataba Namba 131 wa mwaka 1970 kuhusu kima cha chini unasema wazi kwamba mahitaji ya wafanyakazi yapimwe pamoja na hali ya uchumi wa nchi. Kinachodaiwa ni kwamba bei ya kazi ipatikane kati ya watu wawili wenye sauti.

Hoja ya hatua za maendeleo nayo inasahau jinsi hatua hizo zilivyovukwa. New York haikusubiri itajirike ndipo milango ifunguliwe. Baada ya Triangle, washonaji walioandamana, chama chao, na tume ya uchunguzi iliyoundwa na jimbo vilileta sheria mpya zaidi ya 30 ndani ya miaka michache. Frances Perkins, aliyeuona moto ule kwa macho yake akiwa barabarani, alifanya kazi ya usalama viwandani miaka iliyofuata, na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani. Matajiri wa leo walivuka hatua ile kwa kugombana. Kuwaambia washonaji wa Asia na Afrika wasubiri kimya ni kuwanyima chombo kilekile kilichowavusha wenzao.

Kuna hofu nyingine ambayo sitaki kuipita haraka, kwa sababu ni ya haki. Nchi nyingi zinazoendelea huona viwango vya kazi kama ukuta wa kuzuia bidhaa zao, uliopakwa rangi ya huruma. Mwaka 1996, mjini Singapore, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kwamba viwango vya kazi visitumike kulinda masoko ya matajiri, na suala lote wakalirudisha ILO. Mwaka 1999 mjini Seattle, Rais Clinton wa Marekani alipozungumzia vikwazo vya biashara kwa nchi zinazokiuka, wajumbe wa nchi maskini walikasirika, na hilo lilichangia mkutano kuvunjika. Walikuwa na kumbukumbu. Mkataba Namba 29 wa mwaka 1930 dhidi ya kazi za kulazimishwa ulipitishwa na mataifa yaliyokuwa yakiwatumikisha watu kwa nguvu katika makoloni yao, na kwa makusudi uliacha mwanya: katika kipindi cha mpito, kazi za umma za kulazimishwa ziliruhusiwa kwa masharti. Barabara na reli ngapi zilijengwa ndani ya mwanya huo!

Lakini historia ina upande mwingine ambao wenye hofu hiyo hawautaji sana. Mwaka 1961, Ghana ya Kwame Nkrumah ilitumia utaratibu uleule wa ILO kuishtaki Ureno kwa kazi za kulazimishwa katika makoloni yake ya Afrika, na Tume ya Uchunguzi ya kwanza katika historia ya shirika hilo iliundwa kwa sababu ya lalamiko hilo. Nchi changa ya Kiafrika, ikiwa na miaka minne tu ya uhuru, ilishika kitabu cha mikataba na kukigeuzia mkoloni. Viwango hivi havina uzungu ndani yake. Ni vya anayevitumia.

Na vikitumiwa na asiyemsikiliza mfanyakazi, vinaumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Seneta Tom Harkin aliwasilisha katika Bunge la Marekani muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukupita. Lakini tishio lake tu lilitosha: wenye viwanda Bangladesh walifukuza watoto wapatao 50,000, wengi wao wasichana. UNICEF ilipofuatilia baadaye, iligundua kwamba wengi hawakwenda shule, kwa kuwa hapakuwa na shule iliyowasubiri wala mlo nyumbani. Walikwenda kuponda mawe, kuchuuza mitaani, na wengine kuuza miili yao. Ilibidi mwaka 1995 ILO, UNICEF na chama cha waajiri wa nguo wakubaliane upya: mtoto aondolewe kazini na kupewa nafasi ya shule, pamoja na posho ya kufidia alichokuwa akileta nyumbani. Hatua hiyo ilipaswa kutangulia.

Mkataba Namba 182 dhidi ya aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto umeridhiwa na nchi zote 187 wanachama wa ILO, tangu Tonga ilipokamilisha idadi Agosti 2020. Hakuna mkataba mwingine wa shirika hilo uliowahi kuridhiwa na wote. Mwaka 2024 watoto waliokadiriwa kufanya kazi walikuwa milioni 138, wakiwa wamepungua kutoka milioni 160 mwaka 2020. Wengi wako mashambani pamoja na wazazi wao, mbali na macho ya mkaguzi yeyote.

Njia iliyo bora imewahi kuonekana. Baada ya Rana Plaza, Mei 2013, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na makampuni ya nguo vilitia saini Makubaliano ya Usalama wa Moto na Majengo Bangladesh. Waliojiunga walipita 200, na viwanda vilivyokaguliwa vilizidi 1,600. Tofauti yake na kanuni za maadili iko katika neno moja: yalifunga. Kampuni iliyotia saini ilikubali kushtakiwa. Ripoti za kila kiwanda ziliwekwa wazi hadharani. Mnunuzi alitakiwa kuhakikisha fedha za matengenezo zinapatikana, na kiwanda kilichokaidi kilikosa biashara ya wote waliotia saini. Wafanyakazi walipewa kamati za usalama, njia ya kulalamika, na haki ya kukataa kazi ya hatari. Mwaka 2016 vyama viliwapeleka wanunuzi wawili kwenye usuluhishi wa The Hague. Kesi ziliisha kwa maelewano, na katika mojawapo mnunuzi alilipa dola milioni 2.3. Mfanyakazi wa nchi maskini kufika mpaka mfukoni mwa mnunuzi tajiri: kabla ya hapo njia hiyo haikuonekana kwa urahisi.

Kitu cha aina hiyo kilifika Lesotho mwaka 2019. Uchunguzi ulikuwa umefichua kwamba katika viwanda vya jinzi wasimamizi waliwadai wanawake ngono ili wapate au wabaki na ajira. Makampuni ya Marekani, mwenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake wakatia saini makubaliano ya kuunda chombo huru cha kupokea malalamiko, chenye uwezo wa kuamua mtu afukuzwe, na mnunuzi akabanwa apunguze oda endapo mwenye viwanda angekaidi. Pakistan nayo imefuata kwa makubaliano yake ya usalama.

Hata hivyo, kile kiwanda cha juisi cha Rupganj kinanizuia nisifurahi kupita kiasi. Kiliungua mwaka 2021, katika nchi ileile iliyokuwa na mfumo mzuri kuliko nyingi wa usalama wa viwanda vya nguo. Lakini juisi haikuwa nguo. Haikuwa na nembo ya mnunuzi wa Ulaya wa kuonewa aibu, na Makubaliano hayakuwahusu. Mtoto anayepakia chupa kwa ajili ya soko la ndani alikuwa na thamani ndogo kuliko mshonaji wa fulana inayopelekwa ng'ambo. Ulinzi uliofuata lebo umewaacha nje walio wengi, na walio wengi ndio dunia yenyewe: ILO inakadiria kwamba watu bilioni 2, takriban asilimia 60 ya wenye kazi, wako katika ajira isiyo rasmi. Kwa hao hakuna njia ya mkato ya kuikwepa serikali, yaani wakaguzi wanaolipwa vizuri, wenye usafiri, wenye mamlaka ya kufunga kiwanda, na mahakama ya kazi isiyochukua miaka mitano kusikiliza shauri la mshahara.

Wengine husema vyama haviwezekani kwa watu wasio na mwajiri. India ilijibu hoja hiyo zamani. Mwaka 1972 mjini Ahmedabad, Ela Bhatt na wanawake wabeba mizigo, wachuuzi na washonaji wa majumbani walikwenda kuandikisha chama chao, SEWA. Wakaambiwa hawawezi kuwa chama cha wafanyakazi kwa kuwa hawana mwajiri wa kupambana naye. Waling'ang'ania kwamba chama ni umoja wa wafanyakazi kwanza, na wakaandikishwa. Leo kina wanachama zaidi ya milioni 2, na sauti yake ilisikika Geneva ulipopitishwa Mkataba Namba 177 wa mwaka 1996 kuhusu kazi za ujira ambazo mfanyakazi huzifanyia nyumbani kwake. Najua pia kwamba vipo vyama vya mfukoni, vilivyoundwa na mwajiri au chama tawala ili vinyamazishe. Ndiyo maana Namba 87 unasisitiza wafanyakazi wachague wenyewe.

Upande wa mnunuzi haukwepeki. Mwezi Machi na Aprili 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga maduka, makampuni ya nchi tajiri yalifuta au kusimamisha oda za zaidi ya dola bilioni 3 nchini Bangladesh pekee, zikiwamo za nguo zilizokwisha kushonwa. Baadhi yalilipa baada ya kelele nyingi. Mengi kati ya hayo yalikuwa na kurasa nzuri za maadili. Kanuni zilimwelekeza mwenye kiwanda alipe mishahara kwa wakati, lakini hazikumlazimisha mnunuzi kulipia kilichoshonwa. Mwaka 2023, washonaji wa huko walipodai kima cha chini cha taka 23,000 (taka ni sarafu ya Bangladesh) kwa mwezi, walipewa 12,500, na wanne walipoteza maisha katika maandamano. Mwenye kiwanda husema bei ya mnunuzi haimruhusu, mnunuzi husema mshahara ni jambo la serikali, na serikali husema ikipandisha mnunuzi atahama. Kila mmoja ana ukweli kidogo, na hivyo deni halimfikii yeyote.

Ulaya imeanza kulitafuta deni hilo kisheria. Ufaransa ilipitisha mwaka 2017 sheria inayoyataka makampuni makubwa yazuie madhara katika mnyororo wao wa ugavi, na ya Ujerumani ikaanza kutumika Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata ukaanza mchakato wa kuupunguza makali. Naziunga mkono sheria hizi, kwa sharti moja: mfanyakazi aweze kufungua shauri mwenyewe na chama chake kishirikishwe. Zikiishia kwenye dodoso, viwanda vitapata mkaguzi mwingine na daftari ya tatu.

Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981, uliopandishwa kuwa wa msingi ile Juni 2022, una kifungu cha 13 kinachosema kwamba mfanyakazi aliyeondoka kazini kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa na ya karibu, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba mwajiri asimtake mtu arudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Kila neno hapo lingewahusu watu waliosimama nje ya Rana Plaza asubuhi ile. Fedha za fidia zao, dola milioni 30 zilizokusanywa kupitia mfuko uliosimamiwa na ILO, zilitimia Juni 2015, miaka miwili na ushee baadaye. Mwakilishi mmoja aliyechaguliwa na wenzake kwa kila kiwanda, mwenye kifungu hicho mkononi na chama nyuma yake, angetosha kuwazuia pale chini, kando ya benki iliyofungwa, siku nzima.